Bonde la Nzoia: Si Wingi wa Watu Ulioleta Umaskini



Kuna neno lililosemwa mara nyingi hata limekuwa kama sala ya asubuhi. Husemwa barazani, husemwa katika redio, husemwa na mabwana wenye magari wapitapo Webuye na kuona vijana wamekaa kando ya barabara bila kazi. Neno lenyewe ni hili: "Watu wa kule ni maskini kwa sababu wanazaa mno." Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba sisi wenyewe wafanya kazi, ambao wengi wetu ni wana wa nchi hiyo, tumeanza kulirudia neno hilo kantini na kwenye gengi, tukiwacheka ndugu zetu wa nyumbani kana kwamba umaskini wao ni ugonjwa waliojitakia.

Sisi twasema ya kwamba neno hilo si kweli. Tena twasema ya kwamba ni neno la hatari kwa kila mtu anayekula jasho lake, awe wa reli, awe wa kiwanda, awe wa shamba. Tafadhali tusomeni mpaka mwisho, kisha mtuhukumu.

MTO NA WATU WAKE

Kwanza tuujue mto wenyewe. Nzoia huanza katika milima ya Cherangani, na maji yake mengine huteremka kutoka Mlima Elgon. Hupita nchi ya mahindi ya Trans Nzoia, huanguka kwenye maporomoko ya Webuye, hupita kati ya mashamba ya miwa ya Bungoma na Mumias, kisha huingia tambarare ya Budalang'i na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 250, na nchi inayouletea maji ni zaidi ya kilomita za mraba 12,000.

Watu wa reli twalijua bonde hili, maana njia yetu imelikata. Njia kuu ya kutoka Eldoret kwenda Malaba huuvuka mto huo, tawi la Kitale lilifunguliwa mwaka 1926, na tawi la Butere baadaye. Reli haikupelekwa huko kwa kutafuta mandhari. Ilipelekwa kwa sababu huko kulikuwa na mali ya kubeba, na watu wa kuibeba.

Watu wenyewe ni wengi, hatukatai. Katika hesabu ya mwaka 2019, Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, Bungoma 1,670,570, Trans Nzoia 990,341, na Busia 893,681. Ukijumlisha utapata zaidi ya milioni 5, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watu kumi wa Kenya nzima. Si kila kijiji cha kaunti hizo kimo ndani ya bonde la Nzoia, lakini vingi vimo. Katika Kakamega watu walikuwa kama 618 kwa kila kilomita moja ya mraba. Basi watu ni wengi. Sasa swali letu ni hili: ni nani aliyewabana hivyo?

MPAKA ULIWEKWA NA NANI?

Wazee wetu hawakuamka siku moja wakapatana kujibana katika vishamba vidogo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, serikali ya Kiingereza iligawia masetla nchi ya juu ya bonde, yaani Trans Nzoia, na wengi wa masetla hao walikuwa askari waliotoka vitani. Watu wa chini waliambiwa wakae katika rizavu. Shamba la setla mmoja likawa kubwa kuliko nchi ya ukoo mzima, na mtu wa rizavu akipanda juu, alipanda kama kibarua au skwota, akiwa na kipande shingoni.

Hata ile rizavu waliyoachiwa haikuwa na usalama. Mwaka 1930 ilitungwa sheria iliyosema ya kwamba ardhi ya rizavu ni ya wenyeji milele. Mara dhahabu ikaonekana Kakamega. Mwaka 1932, kabla wino haujakauka vizuri, sheria ikageuzwa ili wachimbaji waingie bila wenyeji kupewa ardhi nyingine kama walivyoahidiwa. Milele ya Serikali ilikuwa miaka miwili.

Basi mtu akisema "watu wamejaa", na amalize habari yake. Aseme pia mlango ulifungwa na nani. Mkijaza ghala dogo magunia mengi huku ghala kubwa la jirani limefungwa kufuli, je, mtasema kosa ni la mahindi? Ni kweli ya kwamba baada ya mwaka 1962 kufuli hilo lilianza kufunguliwa, na watu wakapata mashamba ya kugawiwa, kama yale ya Lugari. Lakini wengine waliouziwa mashamba makubwa hawakuwa watu wa jembe. Walikuwa watu wa kalamu na wa cheo. Na mwaka 1992 tuliona watu wakifukuzwa na kuchomewa nyumba katika Trans Nzoia na Bungoma kwa sababu ya kabila lao, kana kwamba kifungu cha ardhi kilikuwa kidogo kwa ajili ya jirani maskini, wala si kwa ajili ya yule mwenye maelfu ya ekari.

ZAO KUU LA BONDE NI MFANYA KAZI

Ndugu, tukiulizwa bonde la Nzoia limetoa zao gani kubwa kuliko yote, wengi watajibu miwa, wengine mahindi. Sisi twajibu: limetoa wafanya kazi. Kodi ya nyumba na kodi ya kichwa ziliwatoa wazee wetu majumbani ili watafute shilingi. Walichimba njia ya reli, walipakia mabehewa, walipika katika nyumba za wakubwa, walikata mkonge na kuchuma majani ya chai katika nchi za watu.

Na tazameni walivyolipwa. Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, kana kwamba mfanya kazi hana mke wala mtoto. Alipewa posho na kitanda katika chumba cha landi. Mke alibaki bondeni na jembe, akawalisha watoto kwa muhogo na wimbi. Mtu alipougua, alirudishwa bondeni. Alipozeeka, alirudishwa bondeni. Mtoto wake alipopata nguvu, alichukuliwa kutoka bondeni kwenda kuishika nafasi ya baba. Kwa hiyo tajiri alilipa nusu ya gharama ya mfanya kazi, na nusu ya pili ililipwa na shamba la mama huko kando ya Nzoia, bila risiti.

Hayo si maneno yetu ya uchungu tu. Wenzetu wa Mombasa, wa gatini na wa reli pamoja, waligoma Januari 1947 kwa sababu mshahara haukutosha. Na mwaka 1954 kamati iliyowekwa na serikali yenyewe ya kikoloni, chini ya bwana Carpenter, ilikubali ya kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mtu asiye na jamaa, ikashauri upandishwe kidogo kidogo mpaka umtoshe mtu pamoja na jamaa yake. Kama mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, jamaa walikuwa wakilishwa na nani? Na kama shamba la mama ndilo lililolisha wote, kwa nini leo mama huyo aambiwe ya kwamba yeye ndiye mzigo wa taifa?

Hata leo desturi hiyo haijafa. Mshahara wa chini wa kazi ya shamba bado huwekwa chini ya ule wa mjini. Na kila mwisho wa mwezi sisi tulio mjini twatuma fedha nyumbani, zamani kwa bahasha ya posta, sasa kwa simu. Lakini tukipoteza kazi, ni wao wanaotutumia gunia la mahindi.

JE, WATOTO NDIO WALIOFUNGA VIWANDA?

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo wasemaji wa "mnazaa mno" hawapendi kuifanya.

Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi mwaka 1974. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza mwaka 1978. Hiyo ndiyo miaka ambayo Kenya ilikuwa ikizaa kuliko wakati wowote: hesabu za 1978 zilionyesha ya kwamba mwanamke mmoja wa Kenya huzaa kama watoto 8 maishani mwake. Miaka ile hakuna aliyelalamika ya kwamba watu wa bonde ni wengi. Waliitwa nguvu ya kazi. Waliitwa wakulima wa nje wa kiwanda. Mumias ikawa, kwa miaka mingi, kiwanda kinachotoa sukari nyingi kuliko vyote katika Kenya, na Webuye ikawa mji wenye mishahara, maduka na timu ya mpira.

Kisha uzazi ukashuka. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba mwanamke wa Kenya huzaa watoto 3.4, yaani chini ya nusu ya wale wa 1978. Je, utajiri ulipanda jinsi uzazi ulivyoshuka? Hapana. Kiwanda cha karatasi kilifungwa mwaka 2009, kikauzwa mwaka 2016, wala hakikurudia ukubwa wake wa zamani. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu wa benki mwaka 2019 kwa sababu ya madeni, ikakodishwa mwisho wa mwaka 2021. Na mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa makampuni ya watu binafsi kwa miaka 30, na Nzoia kilikuwa kimoja cha hivyo.

Twauliza kwa adabu: ni mtoto gani mchanga aliyetia sahihi mikopo ya Mumias? Ni mama gani mjamzito aliyeacha deni la umeme Webuye mpaka taa zikazimwa? Watoto walikuwa wengi viwanda vikasimama. Watoto wakapungua viwanda vikaanguka. Hata mtoto wa darasa la nne ataona ya kwamba hesabu ya mabwana haijumlishiki.

Na kwetu sisi je? Mwaka 2006 reli ilitolewa kwa kampuni ya watu binafsi kwa mkataba wa miaka 25, na maelfu ya wenzetu wakapoteza kazi. Mwaka 2017 mkataba ukavunjika, miaka 14 kabla ya wakati wake. Labda reli nayo ilizaa mno!

Mkulima wa miwa anajua mali ilipokwenda. Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu na zaidi. Wakati wote huo mkulima hana mahindi katika kipande hicho. Siku ya malipo hukatwa kulima, hukatwa mbegu, hukatwa mbolea, hukatwa ukataji, hukatwa lori. Wala si yeye aliyepanga bei ya hata kimoja. Wako waliopokea karatasi inayosema ya kwamba baada ya kutoa miwa yao yote, wao ndio wenye deni. Muwa umekwenda, sukari imeuzwa, na mwenye shamba anadaiwa. Kisha anakuja bwana mmoja kumfundisha ya kwamba shida yake ni watoto.

MAFURIKO NAYO YANASEMWA HIVYO HIVYO

Huko chini Budalang'i, kingo za udongo zilizojengwa kuzuia mto zilivunjika mwaka 2003, zikavunjika tena mwaka 2007, na watu kwa maelfu wakakimbia makwao. Mwaka 2020 mvua kubwa na maji ya ziwa yaliyopanda kupita kiasi viliwafukuza tena. Kila mara watu huambiwa: "Kwa nini mnakaa mtoni?"

Wanakaa mtoni kwa sababu udongo wa mtoni una rutuba na samaki wako karibu, na kwa sababu hawana shamba la pili. Na udongo unaojaza mto mpaka maji yakose njia haukuanguka kutoka mbinguni. Umeteremka kutoka juu, mahali misitu ya Elgon na Cherangani ilipokatwa na miteremko ikalimwa bila matuta. Tena aliyelima mteremko mara nyingi ni maskini mwingine aliyekosa mahali, na aliyepata faida ya magogo ni mtu ambaye hajawahi kulala katika hema la mafuriko. Mtu wa juu na mtu wa chini wamefungwa kwa kamba moja, yaani mto, lakini hawajawahi kuketishwa katika mkutano mmoja. Kila mmoja hufundishwa kumlaumu mwenzake.

MAHALI WALIPOSEMA KWELI

Hatutaki kusema uwongo kwa kuwa tuna hasira. Ni kweli ya kwamba ekari mbili zikigawiwa wana wanne, hakuna atakayeshiba. Ni kweli ya kwamba mama akipumzika kati ya mtoto na mtoto, yeye na watoto hupata afya. Wake zetu wamelijua jambo hilo kabla yetu, na ndiyo maana idadi imeshuka kutoka 8 mpaka 3.4. Hawakungoja hotuba.

Lakini tazameni vizuri. Wametimiza sehemu yao. Je, wale wengine wametimiza yao? Mama amepunguza watoto. Kiwanda hakikurudishiwa mitambo. Mama amewapeleka watoto shule; wamemaliza na vyeti vyao vinafunikwa na vumbi. Mtu akidaiwa shilingi mia akalipa sitini, haifai kumwita mdeni sugu wakati mwenzake, anayedaiwa mia vile vile, hajatoa hata senti.

NENO HILI LINAMFAA NANI?

Linamfaa yule anayetaka mikono rahisi. Ninyi nyote mmewahi kuisikia sauti ya msimamizi: "Kama hutaki, wacha, nje kuna mia wanaoitaka kazi yako." Hao mia wanatoka wapi? Wengi wametoka Webuye baada ya mitambo kunyamaza. Wengine wametoka Mumias baada ya malipo ya miwa kukosekana. Kila kiwanda kinapofungwa bondeni, foleni huongezeka kwenye lango la kazi huku Nairobi, Nakuru na Mombasa, na mshahara wako unapungua nguvu hata kama hujafanya kosa. Mabehewa nayo hukosa mzigo, maana mji usiotengeneza kitu hauna cha kupakia.

Kwa hiyo, ndugu, mambo ya bonde si mambo ya kuzungumza siku ya mazishi tu tunapokwenda nyumbani. Ni mambo ya mshahara. Tajiri akiweza kutuaminisha ya kwamba adui wetu ni yule kijana aliye nje ya lango, amekwisha kushinda kabla ya mazungumzo kuanza. Kijana yule si adui. Ni mdogo wetu.

TUNATAKA NINI?

Hatuandiki ili kulia. Haya ndiyo tunayoyataka, na twaomba kila tawi liyajadili:

Kwanza, kiwanda cha umma kinapokodishwa au kuuzwa, wafanya kazi wanaodai mishahara na wakulima wanaodai fedha za miwa walipwe kabla ya wengine wote. Benki ilikopesha fedha. Hawa walikopesha maisha yao. Na masharti ya mkataba yasomwe hadharani, kwa lugha ambayo mkulima anaielewa.

Pili, miwa ipimwe mbele ya mkulima au mtu aliyechaguliwa na wakulima, na karatasi ya malipo ionyeshe kila makato, na bei yake, kabla kazi haijafanywa, si baada.

Tatu, watu wa juu na watu wa chini wa mto waketishwe pamoja. Upandaji wa miti Elgon na Cherangani na utengenezaji wa kingo Budalang'i uwe kazi ya mshahara kwa vijana wa bonde, wala si kazi ya kujitolea ya siku moja ya kupigwa picha.

Nne, mshahara wa chini, wa mjini na wa shamba, upimwe kwa jamaa na si kwa mtu mmoja. Neno hilo lilikubaliwa mwaka 1954. Tumengoja zaidi ya miaka 70, nadhani tumekuwa na subira ya kutosha.

Tano, na hili ni letu wenyewe: tuache kuwacheka watu wa nyumbani. Mwanachama akienda likizo, aende na habari za chama. Akae na wakulima wa miwa, asome karatasi zao za malipo pamoja nao, awafundishe jinsi ya kuandika madai na kuweka nakala. Mfanya kazi wa mjini na mkulima wa bondeni ni mtu yule yule katika miezi tofauti ya maisha yake.

Na siku nyingine mtakaposikia ya kwamba watu wa Nzoia ni maskini kwa kuwa ni wengi, msinyamaze, wala msipigane. Mjibuni msemaji kwa swali moja tu: "Bwana, kiwanda cha Webuye kilifungwa na mtoto wa nani?" Kisha mngojeni ajibu.

Ni sisi ndugu zenu, wafanya kazi wa njia ya reli.